Kuonja keki Jumamosi

Wapendwa, habari za sikukuu? Kuonja keki za vikombe ni Jumamosi, 27 Desemba, saa 10 jioni, kwangu Cheyo.

1. Mchango ni shilingi 5,000, mwisho Jumatano. Siku ya Krismasi tusisumbuane.

2. Wa Kanyenye, Isevya na Gongoni: kila mtaa ulete keki 6 za mwokaji wenu, zilizookwa siku hiyo hiyo. Za asali yetu ya Tabora msiziache, nazisubiri kwa hamu! Asali huwahi kubadilisha rangi, kwa hiyo tusizihukumu kwa weusi wa juu; tukate katikati tuone kama zimeiva.

Chai ya rangi ninayo. Mwenye mzio wa karanga aniambie mapema tafadhali.

Andika "Nipo" au "Sipo" leo kabla ya saa 3 usiku, nipange viti.