Majina ya watoto wetu yaandikwe jinsi yanavyotamkwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu tahajia za majina ya watoto wetu, jambo nililoishi nalo kwa miaka 31 ya ualimu na ambalo sasa linachukua sura inayonisikitisha. Katika miaka yangu ya mwisho kazini, kila nilipofungua daftari jipya la mahudhurio nilikuta majina ninayoyajua tangu utoto wangu yakiwa yamevikwa herufi ngeni: Neema limeandikwa Neymah, Zawadi limeandikwa Zawady, Shabani limekuwa Shabany, na Aisha nimewahi kulikuta likiwa Aysher. Ukiliita jina kama lilivyoandikwa, mtoto haitiki. Ukimwuliza anaitwa nani, anakujibu kwa matamshi yale yale anayoyasikia nyumbani kwa bibi yake.

Sisemi kwamba kila jina lazima liwe na tahajia moja tu. Khadija na Hadija, Khamis na Hamisi, Said na Saidi ni majina yaliyotengana kwa sababu za kweli. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya herufi za Kilatini kuenea, na katika hati zile Khadija lina herufi yake isiyochanganywa na nyingine. Majina hayo yalipohamia kwenye herufi za Kilatini, Mzanzibari aliyeisikia kh katika kinywa chake aliiandika, na mtu wa bara ambaye ulimi wake hauna sauti hiyo aliandika h, na wote wawili waliandika walichokitamka. Vivyo hivyo, waliosema Rashidi, Salumu na Mariamu waliongeza irabu kwa kuwa silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na ndiyo sababu Biblia ya Kiswahili ina Petro, Marko, Filipo na Yakobo. Hata Deogratius, ambalo kwa Kilatini ni Deo gratias, yaani shukrani kwa Mungu, limekwisha kuota mizizi kwetu likiwa na u, na sioni sababu ya kumsumbua anayeitwa hivyo.

Aysher ni jambo jingine. Herufi e na r za mwisho haziwakilishi sauti yoyote inayotoka kinywani mwa mtu anayemwita mtoto huyo. Zimeazimwa kutoka kwa Waingereza, ambao wengi wao huandika -er mwishoni mwa neno na kuitamka karibu na a yetu. Ile y ya Zawady nayo imetoka huko huko, kwani katika Kiswahili y haifungi neno, bali husubiri irabu iifuate. Mzazi anayeandika hivyo anamtaka msomaji Mswahili alisome jina la Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, kisha alitamke kwa Kiswahili. Jambo hili linaniuma kwa sababu tahajia yetu ni mali kubwa. Tangu Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi ya kusanifisha mwaka 1930, tumekuwa na maandishi ambayo mtoto akishazijua herufi anaweza kusoma neno asilowahi kuliona, na akilisikia anaweza kuliandika. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma, na nimeona furaha yao wanapogundua hivyo. Inakuwaje neno la kwanza tunalomfundisha mtoto kuandika, yaani jina lake, liwe ndilo lisilofuata kanuni anayofundishwa?

Wazazi niliozungumza nao huniambia kwamba wanataka mtoto wao asichanganywe na wengine. Nawaelewa, kwani nimewahi kuwa na akina Neema wanne katika darasa moja. Lakini sisi humtambulisha mtu kwa jina lake, la baba na la babu, na namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20 zinazomtenga kila mmoja wetu. Anayetaka jina lisilo la kawaida anaweza kuchagua Siwema, Chausiku, Subira au Mwanaharusi, majina mazuri ambayo siku hizi ni nadra kuyasikia darasani.

Gharama ya herufi moja naijua kutoka nyumbani kwangu. Kadi ya kliniki ya binti yangu iliandikwa Rehema, cheti cha kuzaliwa kikatoka kimeandikwa Rehma, nami nilikipokea bila kukisoma vizuri, kosa ambalo ni langu. Shuleni alisajiliwa kama Rehema. Alipokwenda kuomba kitambulisho aliulizwa yeye ni yupi kati ya hao wawili, na ilimbidi arudi katika ofisi hiyo mara tatu na kula kiapo mbele ya wakili kwamba Rehema na Rehma ni mtu mmoja. Ikiwa herufi moja iliyopotea kwa bahati mbaya ilituletea usumbufu wote huo, namhurumia msichana ambaye kila karani atakayekutana naye, kwa miaka yote ya maisha yake, atasikia Aisha na kuandika Aisha.

Hata hivyo, sitaki karani apewe mamlaka ya kuwasahihishia wazazi majina kwa siri. Tayari wapo wanaoumia kwa sababu hiyo, hasa wenye majina ya lugha zetu nyingine. Msukuma aitwaye Ng'washi ana ritifaa, yaani alama ya ('), katika jina lake kwa sababu ng' na ng ni sauti mbili tofauti, lakini mara nyingi ritifaa hiyo huachwa katika orodha na vyeti, akabaki Ngwashi, jina ambalo wazazi wake hawakumpa. Naziomba ofisi zinazosajili watoto ziwe na utaratibu wa karani kumsomea mzazi jina herufi kwa herufi kabla ya kuchapa cheti, amweleze kwa heshima iwapo tahajia aliyoileta hailingani na matamshi, kisha amwachie mzazi uamuzi. Nao wanaotengeneza fomu za kompyuta wahakikishe kwamba ritifaa inakubalika.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tanga