Nani amejiandaa kumpokea mtoto wa darasa la kwanza?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lawama ambayo kila mwaka mpya wa masomo unapoanza hurudi mlangoni kwetu: eti watoto wanaotoka shule ya awali kuingia darasa la kwanza "hawajaiva". Walimu wa darasa la kwanza husema hivyo, wazazi huitikia, na mzigo wote humwangukia mwalimu wa chekechea. Mimi nimekaa pande zote mbili. Nilifundisha awali miaka sita, kisha nikahamishiwa darasa la kwanza, na mwaka huo nikawapokea baadhi ya watoto niliokuwa nao mwaka uliotangulia. Hao sikuthubutu kusema hawajaiva. Ningekuwa najisuta mwenyewe.

Nilichokiona kilinishtua. Mtoto aliyekuwa akiongoza wenzake kupanga vifaa kila asubuhi, anayejua nani ameficha kibao chekundu na kwa nini, sasa amekaa kwenye dawati miguu inaning'inia, haifiki sakafuni, ananyoosha mkono kuuliza kama anaruhusiwa kugeuka nyuma. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwalimu, kona yetu iko wapi?" Hakukuwa na kona ya kuchezea. Kulikuwa na ubao, madawati na ratiba ya vipindi. Mtoto yuleyule, mwalimu yuleyule, likizo ya wiki chache tu katikati, na tayari tulikuwa tumegeuka wageni.

Tatizo hili lina asili yake. Chekechea haikuzaliwa ndani ya shule. Mwalimu wa Kijerumani Friedrich Fröbel alipofungua kituo chake Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na miaka mitatu baadaye kukipa jina la bustani ya watoto, alikuwa anajenga kitu cha ukoo mwingine kabisa: nyimbo, vibao vya mbao, michezo, udongo wa kupandia. Serikali ya Prussia, dola kubwa ya Kijerumani wakati huo, iliziogopa chekechea hizo kiasi cha kuzipiga marufuku kuanzia 1851 hadi 1860. (Nikiwa na siku mbaya kazini huwa najifariji kwa hilo: kumbe watu waliwahi kuiogopa chekechea.) Shule ya msingi nayo ilikuwa na mizimu yake: kitabu, zamu ya kusoma kwa sauti, mtihani. Baadaye nyumba hizi mbili zikawekwa jirani, mara nyingi ndani ya uzio mmoja, lakini ukuta wa kati haukutobolewa mlango.

Kichwani mwa mtoto ukuta huo haupo. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni yake ya Jumla Namba 7 ya mwaka 2005, iliuhesabu utoto wa awali kuwa ni umri wote ulio chini ya miaka minane. Kwa hesabu hiyo, watoto wengi wa darasa la kwanza na la pili bado ni watoto wa awali, hata kama mlango wanaoingilia asubuhi umebadilika.

Nitoe mfano wa kazi yenyewe. Mpangie mtoto wa miaka mitano vizibo kumi na vitatu mezani, mwambie ahesabu. Atavigusa kimoja kimoja, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na tatu, bila kosa. Kisha muulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Wapo wanaoanza upya: moja, mbili, tatu. Mtoto wa namna hiyo hajakosea kuhesabu. Bado hajashika kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo inayojibu swali la "vingapi". Mwalimu wa awali anajua kabisa ni watoto gani wamevuka hapo na nani bado, kwa sababu amekaa nao sakafuni na vizibo hivyo. Mwalimu wa darasa la kwanza hajui. Anafungua kitabu, anaanza kujumlisha. Aliyevuka anakwenda naye; ambaye hajavuka anajifunza kunakili majibu ya jirani, na stadi hiyo huwa haisahauliki.

Kinyume chake pia kipo, na hakisemwi sana. Mtoto anafika darasa la kwanza anaandika jina lake na anatambua silabi za kutosha kusoma maneno mafupi. Anapewa miezi miwili ya kuchora vijiti na viduara, kwa kuwa mwongozo unaanzia hapo. Huyo naye tumempoteza, ila kwa kuchoka. Kwa hiyo darasa moja lina wanaorukishwa na wanaorudishwa nyuma, na wote wawili wanaitwa "watoto wa mwaka huu".

Sasa tazama lugha tunayotumia. Hata Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yaliyopitishwa mwaka 2015, katika lengo dogo la 4.2, yanataka watoto wote wapate malezi na elimu bora ya awali ili wawe tayari kwa elimu ya msingi. Sina ugomvi na nia hiyo. Nina ugomvi na jinsi tunavyoisoma: utayari tunaudai kwa mtoto wa miaka sita peke yake. Shule yenye walimu, mkuu, majengo na mtaala hatuiulizi kama iko tayari kwake.

Nataka nikiri kosa langu mwenyewe. Katika shule moja niliyowahi kufundisha darasa la kwanza, ambayo sitaitaja, nilikuwa na mvulana niliyemwona mkaidi. Ukimwita haitiki. Ukitoa agizo, wenzake wanafungua daftari yeye anatazama dirishani. Nilimhamishia nyuma asisumbue wenzake. Muhula wa pili ukielekea kwisha nilitumwa kutafuta karatasi katika kabati la ofisi, nikakuta rundo la madaftari ya watoto yaliyoletwa kutoka madarasa ya awali mwanzoni mwa mwaka, yamefungwa kamba, kamba yenyewe haijafunguliwa. La kwake lilikuwa na mstari huu kwa mwandiko wa mwalimu wake wa zamani: "Sikio la kulia halisikii vizuri. Akae mbele, upande wa kulia wa darasa, na umguse bega kabla ya kumsemesha." Mimi nilikuwa nimemweka nyuma, upande wa kushoto, sikio bovu likinielekea.

Mwalimu yule alikuwa ameandika. Alikuwa amefanya kazi yake yote. Cheti cha kumaliza awali, chenye muhuri, kilisomwa na kila mtu. Daftari halikusomwa na yeyote, mimi nikiwa wa kwanza.

Wenzetu wengine wameligusa jambo hili kwa fedha nyingi. Marekani ilianzisha mpango wa elimu ya awali wa Head Start mwaka 1965 kwa watoto wa familia maskini. Haukupita muda, wasiwasi ukaanza kwamba faida watoto walizopata huko zinafifia wakishaingia shule, na mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson akapendekeza mpango wa pili, Follow Through, wa kuwafuata watoto haohao hadi madarasa ya chini ya shule ya msingi. Fedha zilizotolewa zilikuwa chache kuliko ndoto, ukaishia kuwa zaidi jaribio la kulinganisha njia za kufundishia. Ila mwaka huohuo jiji la Chicago lilifungua vituo vya watoto na wazazi ambavyo havikuishia mlangoni: mtoto aliingia akiwa na miaka mitatu, na msaada uliendelea hadi darasa la tatu, shuleni palepale au jirani yake, madarasa yakiwa madogo zaidi na wazazi wakiwa na chumba chao. Watafiti waliowafuatilia watoto hao kwa miaka mingi waliona kwamba waliokaa katika mpango hadi madarasa ya msingi walihitaji elimu maalumu mara chache kuliko wenzao wa muda mfupi. Mimi hapo sioni muujiza. Naona watu wazima waliokabidhiana mtoto mkono kwa mkono.

Najua mzazi atakayesoma hapa atasema: basi dawa ni chekechea ifundishe kama darasa la kwanza, wafike wameshaiva. Hiyo ndiyo njia tuliyokwisha kuishika, na ndiyo inayotuumiza. Shule zinaweka usaili wa kuingia darasa la kwanza, mwalimu wa awali anaogopa watoto wake wasikatwe, vibao vinaingia kabatini, na mtoto wa miaka minne anakaa kunakili sentensi asizozielewa. Norway ilipoteremsha umri wa kuanza shule kutoka miaka saba hadi sita mwaka 1997, mtaala mpya uliupa mchezo nafasi rasmi katika mwaka wa kwanza, ili tabia ya chekechea iingie shuleni badala ya shule kumeza chekechea. Mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2006 yakauelekeza mwaka huo zaidi kwenye masomo. Hata walioanza vizuri, kamba huvutwa upande mmoja.

Na wanaouliza, "Tunawapeleka shule wakacheze?" wacheze ule mchezo wa kucheza ngoma ikipigwa na kuganda ngoma inapokatika. Mtoto anayeweza kuganda amejizuia, amesikiliza, amekumbuka kanuni. Hizo ndizo nguvu tatu nitakazomdai akae dakika ishirini na kitabu. Asiyekuwa nazo, hata silabi zote akizijua, hatamaliza ukurasa.

Ninachoomba si majengo. Naomba kwanza saa mbili kwenye ratiba, kabla shule haijafunguliwa, mwalimu wa awali na wa darasa la kwanza wakae meza moja na orodha ya majina, mmoja anasema, mwingine anaandika. Karatasi peke yake haitoshi. Nimeshaeleza karatasi huishia wapi. Pili, wiki sita za kwanza za darasa la kwanza ziachwe ziendeshwe kwa mwendo ambao watoto wanaujua: waanze siku wakiwa wameketi duara, kona iwepo, vizibo viwepo, wakaguzi wasiulize kurasa ngapi zimekwisha. Mwenye watoto wengi kupita kiasi ataniambia kona haiingii, na ana haki. Duara huingia. Vizibo navyo huingia, mfuko mmoja kwa kila dawati.

La mwisho ni gumu zaidi, na linawahusu wanaopanga mishahara na vyeo. Mkutano wa walimu wawili hauwezi kuwa mkutano iwapo mmoja anaonekana mwalimu na mwingine anaonekana yaya. Nilipohamia darasa la kwanza watu walinipongeza, kana kwamba nimepandishwa daraja. Mwaka huo nilifanya kazi nyepesi zaidi kuliko miaka sita iliyotangulia. Hakuna aliyeniamini.

Mwaka huu nimeanza na darasa langu. Nimemwomba mwenzangu wa awali aje akae nami asubuhi tatu za kwanza, watoto waone uso wanaoujua, anioneshe nani aguswe bega. Amekubali kwa furaha, ila ameniuliza nani atabaki na watoto wake wapya asubuhi hizo. Swali hilo nimelipeleka kwa mkuu wa shule. Wiki ya pili sasa, nasubiri jibu.

Mwalimu wa darasa la kwanza