Kijana akianguka ghafla si kila mara ni chipsi

Mhariri hujambo,

Mimi msomaji wenu wa siku nyingi na kazi yangu ni ya maabara hapa Kisumu. Ile makala yenu kuhusu vijana na mshtuko wa moyo ilikuwa sawa ila lawama yote mmewekea chipsi, nyama choma na kukaa ofisini. Zinachangia, sikatai. Lakini hapa mtaani tunazika watu wa miaka 35, 38, wembamba, wengine hata pombe hawagusi, na kwa matanga unaskia tu ati amerogwa ama ni ulsaz (vidonda vya tumbo).

Mafuta hayatembei yenyewe kwa damu, yanabebwa na lipoproteini, yaani vifurushi vya mafuta na protini. Ile ya LDL (ndiyo huitwa kolesteroli mbaya) ikizidi inaingia kwa ukuta wa mshipa wa moyo, inakaa hapo miaka, inajenga uvimbe wa mafuta wenye ngozi nyembamba. Watu hudhani mshipa unajifunga polepole mpaka siku moja njia inaisha, kumbe kwa wengi haiendi hivo, uvimbe unaweza kuwa mdogo tu, jamaa anacheza boli Jumamosi na haskii kitu, halafu ile ngozi inapasuka. Chembe sahani, zile za damu zinazoziba vidonda, zinakimbilia hapo zikidhani ni kidonda, zinashikana, nyuzi za fibrini (protini ya kugandisha damu) zinajisuka juu yake na kunasa chembe nyekundu vile wavu hunasa omena, na wakati mwingine ndani ya dakika chache mshipa umeziba. Sigara inafanya hizo chembe zinate zaidi, na kuna utafiti wa Yemen uliohusisha miraa pia (najua hapo nimegusa biashara ya watu).

Sasa kile hamkutaja kabisa ni lipoproteini a. Si kitu cha jana, Kåre Berg wa Norway aliigundua 1963. Ni LDL iliyoshikiwa protini ingine, na hiyo protini inafanana sana na plasminojeni, ile mwili hutumia kuyeyusha damu iliyoganda, ndio maana inashukiwa kwa mambo mawili, kujaza mafuta ukutani na kuzuia donge lisiyeyuke, ingawa hiyo ya pili wataalamu bado wanabishana. Kiwango chake unazaliwa nacho. Ukiacha mafuta ama ukimbie kila asubuhi hadi Mamboleo hakishuki, hata statini, zile dawa za kushusha kolesteroli, hazikishushi. Karibu mtu 1 kwa kila 5 duniani ako nayo juu, na sisi wenye asili ya Afrika kwa wastani tunawazidi Wazungu. Kipimo cha kawaida cha kolesteroli hakikuonyeshi hiyo peke yake, mtu anaambiwa uko fiti anaenda zake. Madaktari wa moyo wa Ulaya tangu 2019 wanashauri kila mtu mzima apimwe angalau mara moja maishani.

Mtaniuliza, kama haishuki kujua kunasaidia nini? Ni kwamba hapo LDL, presha na sukari unazishika mapema, hungoji ufike 50, na ndugu zako wa damu nao wanapimwa.

Alafu hii maneno ya kifua kubana, jasho baridi, maumivu yakienda taya ama mkono, mtu anakunywa Eno ya gesi analala. Jirani yangu, kijana, kituo kimoja (sitakitaja) kilimpa dawa ya ulsaz bila hata kumpiga isiji (kipimo cha umeme wa moyo), usiku akarudishwa amebebwa. Misuli ya moyo inaendelea kufa kila dakika donge likiwa hapo, na dawa ya kuliyeyusha inasaidia sana masaa ya kwanza kuliko baadaye, sasa mtu akipoteza siku nzima na tembe za gesi unamwambia nini?

Ombi langu mara ingine tafuteni daktari wa moyo awaambie wasomaji hicho kipimo cha lipoproteini a kinapatikana wapi huku Nyanza na Nakuru, ni pesa ngapi, na kama SHA, bima ya afya ya serikali, inakilipia.

Mtu wa maabara,
Kondele, Kisumu