Ripoti ya mwenyekiti mwaka 2025: Shela yetu na Shela ya Malindi

Ndugu zangu wanachama wa chama chetu cha wafanyakazi hapa Lamu, kina mama, kina dada, na nyinyi wazee wangu wa lindo la usiku ambao pengine mnaisoma hii saa nane usiku mkiwa getini, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Kawaida mwenyekiti huanza na shukrani, mimi mwaka huu naanza na kuomba radhi. Mkutano wa mwisho pale Langoni nilisimama na simu mkononi nikawasomea kwamba kima cha chini cha mshahara kimepanda tangu tarehe 1 Novemba 2024, na mfanyakazi wa nyumbani, mtunza bustani na mfagizi sasa halali yake ni shilingi 16,113 kwa mwezi. Mkapiga makofi, na vigelegele vikatoka upande wa kina mama. Ile karatasi nilikuwa nimetumiwa kwa WhatsApp na nilisoma safu ya kwanza tu, hata sikuivuta ikaja upande wa pili. Kumbe hiyo hesabu ni ya Nairobi, Mombasa na majiji wenzao. Jumatatu yake watu watatu wakaenda kwa mabosi wao na maneno yangu, wawili wakachekwa wakarudi kazini, wa tatu ni dada yetu wa usafi katika nyumba moja ya kukodisha wageni, meneja akamwambia kama wataka mshahara wa Mombasa panda basi uende Mombasa, na mwisho wa mwezi hana kazi. Nimemwendea nyumbani kwao mara mbili. Mara ya kwanza sikukaribishwa ndani, mara ya pili nilipewa chai, na nashukuru kwa chai ile kuliko hata kura mlizonipa.

Basi kwa uchungu wa hilo nikawaambia kamati mwaka huu hatufanyi jambo lingine mpaka tuijue hii karatasi yote, mistari na safu. Mimi na katibu tukavuka kwa boti mpaka Mokowe, upande wa bara, alfajiri tukapanda basi mpaka Malindi, tukaketi foleni ofisi ya leba tukaonana na ofisa mmoja kijana, mpole, akatutandazia ile amri ya mishahara mezani na akachukua rula. Safu ya kwanza majiji. Safu ya pili ni zile sehemu zilizokuwa manispaa zamani, pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru. Safu ya tatu imeandikwa sehemu nyingine zote. Katibu akauliza, na Lamu iko wapi hapa? Kijana hakusema kitu, aliisukuma rula pole pole mpaka ukingoni mwa karatasi. Sehemu nyingine zote, hiyo ndiyo sisi. Mji ambao dunia nzima inakuja kuupiga picha, umeekwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwenye karatasi ya mshahara hauna hata jina.

Hesabu zenyewe ni hivi, na safari hii nimezisoma na miwani. Mtu wa kazi za kawaida, yaani usafi, bustani, ayah, kazi za nyumbani, askari wa mchana, majijini ni 16,113, kwenye zilizokuwa manispaa ni 14,866, na kwetu ni 8,596. Senti nimeziacha. Mpishi na weita, askari wa usiku, dereva, kila mmoja ana mstari wake na wake uko juu kidogo ya huo, lakini safu ni zile zile tatu na sisi tuko ile ya mwisho kila mstari.

Sasa Malindi ilikuwa manispaa. Sisi tulikuwa chini ya kaunti kansil tu, yaani baraza la zamani la kaunti, na hizo kansil zote zilikufa 2013 serikali za kaunti zilipoingia, lakini kwenye mshahara bado zinatutawala kutoka kaburini. Ndio maana nikaipa ripoti jina hilo hapo juu. Malindi kuna Shela na Lamu kuna Shela, jina moja, bahari moja, mgeni yule yule wiki hii analala kule wiki ijayo analala huku, shuka ni za rangi ile ile na samaki wa kupaka ni yule yule. Dada anayetandika kitanda Shela ya Malindi akilipwa kwa sheria ni 14,866, wa Shela ya Lamu 8,596. Tofauti ni 6,270 kwa mwezi, kwa mwaka ni 75,240. Mzee mmoja wa kamati akasema hiyo ni mahari, kila mwaka mtu anadhulumiwa mahari.

Tuliuliza ofisa, kwani hizi safu zilipangwa kwa akili gani. Akatueleza, na kwa haki yake alieleza vizuri, kwamba mjini mtu analipa kodi ya nyumba na ananunua kila kitu hadi kuni, na mashambani mtu ana kibanda chake na mahindi yake nyuma ya nyumba kwa hivyo pesa kidogo inamtosha. Ni fikra ya zamani sana, na si mbaya ukiitazama ilipozaliwa. Wakati wa mkoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kwa tumbo la mwanamume mmoja asiye na mke, mpaka ripoti ya kamati ya Carpenter ya 1954 ikasema la, mtu alipwe wa kumtosha yeye na familia yake. Lakini jamani, nani Langoni ana mahindi nyuma ya nyumba? Nyuma ya nyumba yangu kuna ukuta wa jirani. Unga unatoka Mombasa, unakuja kwa lori mpaka Mokowe, unateremshwa na hamali, unapakiwa kwenye boti, unateremshwa tena gatini, unapandishwa punda, na kila mkono ulioushika umekula chake. Simenti hivyo hivyo, gesi hivyo hivyo, maji ya chupa ndio usiseme. Kinachopatikana hapa kwa rahisi ni samaki, na hata huyo kusi likishika kweli wavuvi hawatoki. Na tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe mwezi wa tano 2021 watu wamekuja na kodi za nyumba hazijabaki pale zilipokuwa, kila mpangaji hapa anajua mwenyewe.

Jambo jengine ambalo sikulijua mpaka katibu alipolipigia hesabu kwenye basi tukirudi, karibu na Witu, nyuma ya tikiti. Kila serikali ikitangaza nyongeza hutangaza kwa asilimia, na sisi hupiga makofi kwa kuwa asilimia ni moja kwa wote. Mei 2018 majiji ilikuwa 13,572 na sisi 7,240, tofauti 6,332. Ikakaa miaka minne bila kuongezwa hata ndururu, Mei 2022 ikaja asilimia 12, tofauti ikawa 7,091. Novemba 2024 asilimia 6, tofauti ikawa 7,517. Asilimia 6 ya mwenzako wa Mombasa ni shilingi 912, yako wewe ni 486. Kwa hivyo kila tukiongezwa tunazidi kuachwa nyuma, na makofi tunapiga.

Na kwenye kukatwa je? Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Chukua huyo wa 8,596, ongeza pesa ya nyumba nitakayoieleza hapo chini inafika 9,885. NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 593. Pesa ya nyumba za serikali asilimia moja na nusu ni 148. SHIF, yaani bima ya afya, ni asilimia 2.75, ambayo kwake ingekuwa 271, lakini sheria inasema haiendi chini ya 300, kwa hivyo analipa 300. Anabaki na 8,844. Kima cha chini cha kukatwa ni kimoja Kenya nzima kutoka Vanga mpaka Lokichoggio, kima cha kulipwa ndicho chenye safu.

Tulichofanikiwa ni kidogo lakini kipo. Hiyo 8,596 ni mshahara mtupu, haina nyumba ndani yake. Sheria ya ajira ya 2007 inataka mwajiri akupe mahali pa kulala pa maana au akuongeze pesa ya kodi, na ile amri inaweka asilimia 15 ya mshahara. Kwetu hiyo ni 1,289. Wengi wenu mlikuwa mnalipwa 8,500 ama 8,000 kavu na mkiambiwa ni kila kitu ndani, wengine 6,000 na chakula cha mchana. Tukaandika barua moja ya adabu, bila matusi, katibu akaichapa na kila mwanachama aliyetaka akaipeleka mwenyewe. Baadhi ya mabosi walilipa mwezi ule ule, na niseme kweli hao zaidi walikuwa hawajui, mmoja akamuita mwanachama wetu akamwambia mbona hukuniambia miaka yote hii, akamlipa na miezi ya nyuma. Wengine wamenyamaza mpaka leo. Wawili wamesema wataleta wakili na sisi tumewaambia karibuni, mahakama ya kesi za kazi iko Malindi, ndia twaijua sasa.

Ugomvi ulitokea kwa wale wanaolala kwenye kibanda cha uwani. Hao hawadai 1,289 kwa sababu wamepewa nyumba. Ila nyumba ni nini? Mzee wetu mmoja nyumba yake ni store ya mashua, analala baina ya tanga na mtungi wa petroli, nimeingia mwenyewe, kichwa changu kiligonga makasia. Ikiwa hiyo ni mahali pa maana basi hata punda wetu ni mpangaji. Kesi yake tunaiendesha peke yake, na mwenye nyumba sitamtaja.

Ndugu wa Mpeketoni waliouliza kuhusu vibarua wa mashamba, wao wana amri yao mbali, na hiyo haina safu za miji, ni moja nchi nzima, kibarua asiye na ujuzi ni 7,997. Ni chini ya yetu, lakini angalau wa Mpeketoni na wa Kericho wako sawa. Tanzania nako wanapanga kwa sekta, si kwa mkoa, na Zanzibar ina chake mbali na Bara. Nimeulizwa sana hilo na wenye jamaa huko, kwa hivyo nalijibu hapa ili nisipigiwe simu tena usiku.

Sasa tunataka nini. Hapa hatujakubaliana na sitajifanya tumekubaliana. Wengi wanataka tuandike kwa Waziri wa leba na lile baraza la mishahara, Lamu itolewe safu ya tatu iekwe ya pili pamoja na Malindi, manake siku hizi hata sisi tuna bodi ya manispaa na ofisi na gari la taka la punda, sema tu karatasi inataka manispaa za zamani. Barua imeandikwa, sahihi zinaendelea kukusanywa. Lakini kuna wanachama, na si waoga, waliosema mshahara ukiruka kutoka 8,596 mpaka 14,866 kwa siku moja, gesti ndogo za vyumba vitatu vinne za wenyeji, za mama zetu na shangazi zetu, zitafukuza watu ama zitaajiri kwa kificho. Mimi mwenyewe dada yangu ana vyumba vinne Mkomani na mfagizi mmoja, na mwezi wa tano mvua zikianza hana mgeni hata mmoja, kwa hivyo hili linanigusa pande zote mbili na nisingependa mniamini sana. Maoni yangu ni tuombe kupanda kwa ngazi, miaka mitatu, na nyongeza ya safu ya tatu itangazwe kwa shilingi badala ya asilimia. Waliopinga watasema mkutanoni.

La msimu wa kusi nalo halijaisha. Bado kuna nyumba zinalipa nusu mshahara kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba kwa kuwa hakuna wageni, na mtu anafungua madirisha kila siku, anapiga deki, anafukuza popo. Anayefanya kazi mwezi mzima alipwe mwezi mzima. Kama mwajiri hana kazi ya mwezi mzima mkubaliane siku, muandikiane.

Fedha mweka hazina atasoma mwenyewe, mimi nitasema tu nauli za Malindi zilikula zaidi ya tulivyopanga, na stakabadhi zote ziko kwenye faili la kijani isipokuwa ya boti, nahodha wetu mnamjua hatoi stakabadhi. Michango ya miezi minne iliyopita ni wachache waliotoa, na mimi ni mmoja wa ambao hawakutoa mwezi wa nane, nimelipa juzi.

Yule dada wa usafi kamati imepitisha asilipe mchango mpaka apate kazi, na mwenye kusikia nafasi yoyote Lamu, Shela au Manda anipigie kabla hajaitangaza.

Mkutano ni Ijumaa baada ya Alasiri, pale pale Langoni. Kila mtu aje na pesilipu yake. Asiye na pesilipu, na najua ndio wengi, aandike kwenye karatasi kwa mkono wake analipwa kiasi gani, tarehe ngapi, kwa M-Pesa ama mkononi, na analala wapi. Msiandike jina la bosi kwa juu, andikeni nyuma.