YAH: MALALAMIKO KUHUSU HUDUMA YENU YA UFUATILIAJI WA MTANDAO

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wasambazaji wa dawa na vifaa tiba. Makao makuu yetu yapo Dar es Salaam, na tuna matawi Morogoro, Mbeya na Mwanza. Tunawalipa kila mwezi mtuangalizie mtandao pamoja na mwenendo wa programu zetu. Robo mwaka nzima iliyopita, programu ya mauzo ilikuwa ikikwama karibu kila asubuhi, huku dashibodi yenu ikiwa ya kijani mwanzo hadi mwisho.

Pale Mbeya, karani anaandika oda ya kituo cha afya, dripu na dawa za sindano, anabofya kuhifadhi, kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka mpaka dereva aliyekuja kuchukua mzigo anazima gari na kushuka. Karani akibofya tena, ankara inatoka mara mbili, na wahasibu wanashinda wakisaka ile ya ziada. Mwisho wa mnyororo huo kuna mgonjwa anayesubiri dripu hiyo, ndiyo maana sitaki jambo hili liishie kwenye simu za kuombana radhi.

Kila tulipofungua tiketi ya malalamiko, jibu lenu lilikuwa lilelile: ruta zote zinajibu, laini haijafika hata asilimia 12 ya uwezo wake, kaangalieni programu yenu. Kuna siku mkasingizia mkongo wa baharini. Mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika Mei 2024, kila mtu alijua na hatukumlaumu yeyote. Lakini programu hii iko kwenye seva yetu hapahapa Dar es Salaam, na hata wahasibu walio jengo moja na seva hiyo walikuwa wanakwama.

Ikabidi tunase wenyewe pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni, upande wa tawi na upande wa seva kwa wakati mmoja. Seva ilikuwa ikijibu ndani ya milisekunde chache. Majibu yake ndiyo yaliyokuwa yakipotea njiani, kwenye laini ya gigabiti 1 inayounganisha swichi ya seva na swichi kuu, kwa sababu kazi ya bekapu ilikuwa imeijaza laini hiyo. Pakiti zilitumwa upya mara kwa mara, na TCP, itifaki inayosafirisha data hizo, hupunguza mwendo kila inapoona upotevu. Tulipohamishia bekapu usiku, programu ikatulia.

Sasa, grafu yenu iliionaje laini iliyojaa kuwa na asilimia 12? Mnasoma kihesabio cha biti 32 cha swichi, kinachohesabu baiti zinazopita, tena kila baada ya dakika 5. Kihesabio hicho kikifika baiti 4,294,967,295 kinarudi sifuri. Gigabiti 1 ikijaa, kinafika hapo kwa sekunde 34 hivi, maana yake ndani ya dakika 5 kinazunguka zaidi ya mara 8 na mfumo wenu haujui. Piga hesabu: baiti hizo mara 8 kupata biti, gawa kwa sekunde 300; grafu ya namna hiyo haiwezi kamwe kuvuka megabiti 115 kwa sekunde, yaani chini ya asilimia 12 ya gigabiti 1. Nimepitia grafu zote mlizotutumia, na hakuna hata moja iliyovuka. Kwa hiyo zile asilimia 12 mlizokuwa mkitusomea ni ukomo wa kipimo chenu, hazikuwa matumizi yetu. RFC 2863, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2000, inataka vihesabio vya baiti viwe vya biti 64 kwa laini inayozidi megabiti 20 kwa sekunde. Swichi zetu zinavyo. Ninyi ndio hamvisomi.

Na hata kama grafu ingekuwa sahihi, ruta kujibu pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo) kunaonyesha tu kwamba ruta iko hewani. Mkataba unasema mtapima muda wa programu kujibu. Kipimo hicho hatujakiona kwenye ripoti yoyote.

Tunataka mwanze kusoma vihesabio vya biti 64 mara moja, pamoja na pakiti zinazodondoshwa kwenye kila mlango wa swichi. Pimeni muda wa kuhifadhi ankara kutoka kila tawi, mkitenganisha muda wa mtandao na muda wa seva, na mkusanye taarifa za mtiririko (nani anatuma data kwa nani, na kiasi gani) ili laini ikijaa ijulikane nani kaijaza. Ripoti za robo hiyo zifutwe na malipo yake yarudishwe, kwani tulilipia takwimu zisizo za kweli. Atumwe mhandisi aliyesanidi mfumo, tukae naye mezani.

Tunasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Tusipoyapata, tutatumia kifungu cha kusitisha mkataba. Pakiti tulizonasa na nakala za grafu zenu zimeambatishwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Meneja wa TEHAMA