Taji la Jino Lililochapwa na Lililochongwa: Usiulize Mashine, Uliza Malighafi

Mteja mmoja alikuja maabara na taji lake la gego, ile kofia ya kufunika jino, limefungwa kwenye shashi, akalibwaga mezani. "Niliambiwa hii ni seramiki. Mbona limelika?" Halikutoka kwetu. Miezi michache nyuma alitukimbia akisema bei yetu ni ya kukomoana.

Lilikuwa limechapwa kwa printa ya 3D, ila printa haina kosa. Ile ilikuwa resini, yaani plastiki ya majimaji, iliyochanganywa na unga wa seramiki, ikagandishwa kwa mwanga na kukabidhiwa siku hiyohiyo. Kwa taji la muda ni kazi safi, hata sisi tunachapa. Kwa gego la mtu anayesaga meno usingizini, thubutu! Resini za aina hiyo, zikijaribiwa kwa kupindwa, nyingi huvunjika kwenye megapaskali (kipimo cha uimara) 100 na ushei. Zirkonia ngumu, seramiki tunayoichonga kwa mashine, hupita 900.

Ipo pia zirkonia halisi ya kuchapwa, na hiyo naiheshimu. Huchapwa tabaka kwa tabaka kutoka kwenye uji wa unga na resini, kisha resini yote iunguzwe polepole kabla ya kuchomwa. Siku za mwanzo tulifupisha muda wa tanuri kwa sababu daktari alikuwa anapiga simu kila saa. Taji likatoka linang'aa. Kulivalisha kwenye modeli ya jino tu, ta! Ufa. Tangu hapo simu zinalia, tanuri linaendelea.

Kuchonga nako kuna yake. Diski ya zirkonia huja laini kama chaki, na taji huchongwa kubwa kuliko jino kwa asilimia 20 hadi 25, kwa kuwa litasinyaa kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi. Tukikwambia njoo kesho, hatukuzungushi. Na sehemu kubwa ya diski huishia kuwa vumbi, nayo tumeinunua.

Madaktari wetu, hili ni lenu: kichongeo chenye kipenyo cha milimeta 0.6 hakiingii kwenye kona kali kuliko chenyewe. Mkituletea kisiki, yaani jino mlilolipunguza ili livae taji, chenye kingo kama wembe, mashine italazimika kula zaidi kwa ndani, taji lilegee, halafu tuambiwe hatujui kupima. Zungusheni kingo. Printa huvumilia kona hizo kidogo, kichongeo hakivumilii. Na mkipunguza zirkonia mgonjwa akiwa kitini, maji yawepo, kisha mng'arishe hadi iwe laini. Ikiachwa na mikwaruzo hulisaga jino la upande wa pili kama msasa.

Yule bwana alituomba tulizibe taji lilelile na kulibandika tena, "lisogeze siku". Tulikataa, tukamrudisha kwa daktari wake. Ukingoni mwa taji chakula kilikuwa kikipenya, na jino lilikuwa limeanza kuoza. Sasa analipia kusafishwa na kuzibwa kwanza, ndipo aje kwenye taji, na bei ni ileile aliyoikimbia.