Setilaiti za mvuke haziondoi haja ya maputo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayozidi kusikika, kwamba kwa kuwa setilaiti sasa zinapima mvuke wa maji angani, fedha za kurusha maputo ya hali ya hewa zinapotea bure. Hoja hiyo humfurahisha mpanga bajeti, lakini haina msingi.

Sibezi kazi ya setilaiti. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanda kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo nao huzuia joto la dunia lisipotee. Hivyo anayefuatilia tabianchi hana budi kuufuatilia. Juu ya bahari, vipimo vya setilaiti vya mikrowevu (mawimbi mafupi ya jamii ya redio) vilivyokusanywa tangu 1987 vinaonyesha wazi kwamba mvuke unaongezeka.

Kazi ngumu iko nchi kavu. Setilaiti hupokea mionzi inayopanda kutoka chini, kisha kiasi cha mvuke hukadiriwa kutokana na mionzi iliyofyonzwa njiani. Mionzi ya infraredi, yaani ya joto isiyoonekana kwa macho, huzibwa na mawingu, maana yake kipimo hukatika siku zilezile za masika tunapokihitaji zaidi. Mikrowevu hupenya mawingu mengi, ila ardhi yenyewe hutoa mionzi ya aina hiyo kwa kiwango kinachobadilika kati ya shamba lililolowa na mbuga kavu, na kuutenga mvuke humo si kazi rahisi. Isitoshe, setilaiti huchakaa na kuhama njia zake, kwa hiyo ongezeko dogo linaloonekana kwenye kumbukumbu za miaka mingi huenda likawa la chombo, wala si la hewa.

Puto hurushwa saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu, sambamba na vituo vingine duniani. Kijisanduku kinachoning'inia chini yake hupima unyevu tabaka kwa tabaka na kutuma matokeo kwa redio mpaka puto lipasuke, na vipimo hivyo ndivyo vinavyosaidia kuhakiki vya setilaiti. Bara letu lina vituo vichache mno vya namna hii, na kituo kikikosa gesi siku moja, pengo hilo halizibiki tena.

Bajeti itakapojadiliwa, ningeomba waandishi wako waulize ni vituo vingapi nchini vinavyorusha maputo mara mbili kila siku.

Msomaji wako,
Dodoma